Jicho Moja Juu ya Mikoma

Mwaka huo, 1957, Kulesa nzima ilikuwa na gari moja tu. Lilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya kijivu, na mwenyewe alikuwa Laban Ngumbao. Asubuhi za siku ya soko Laban alipakia ndizi, maboga na mchele wa wanakijiji, akaenda Garsen. Jioni alirudi na chumvi, mafuta ya taa, na pengine abiria wawili watatu waliochoka kutembea. Aliipenda kazi hiyo. Mkewe, Dinah, alimtania kwamba anaifuta pikapu vumbi kuliko anavyowafuta watoto wake kamasi.

Kati ya Garsen na Kulesa kuna mbuga pana. Mvua ikinyesha, mbuga inakuwa matope matupu. Wakati wa kiangazi ni nyasi, vichaka, na mikoma, miti mirefu ya jamii ya minazi, kando ya njia. Huko Waorma walikuwa wamepiga kambi na ng'ombe wao. Mmoja wao aliitwa Abduba, rafiki wa Laban wa siku nyingi. Laban alimpa ndizi, Abduba alimpa maziwa, na kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye aliyependelewa.

Mke wa Abduba, Sadia, alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeishia pabaya. Uchungu ulimshikia huko huko mbugani, damu ikamtoka nyingi, na mtoto akafa kabla hawajafika kwa mkunga. Sadia mwenyewe aliponea chupuchupu. Safari hii Abduba hakutaka mchezo. Alimfuata Laban sokoni.

"Laban, wewe una gari. Jioni unapita karibu na kwangu."

"Napita kila siku ya soko," Laban alijibu.

"Basi sikiliza. Sadia akishikwa na uchungu, mimi nitawasha moto kando ya njia, pale kwenye mikoma mitatu. Ukiona moto, simama. Utupeleke Garsen kwa mkunga."

"Nitasimama, ndugu yangu. Hata kama nina mzigo, nitaushusha chini."

Walipeana mikono. Lilikuwa jambo jepesi kabisa. Moto, gari, kwa mkunga, basi.

Lakini wapi! Haukupita muda, taa za pikapu zikaanza vituko. Taa ya kushoto ilikufa. Ya kulia ikabaki na mwanga hafifu wa koroboi. Laban akamkuta mchuuzi mmoja wa kupita, aliyetandaza vyuma vya magari juu ya gunia pale sokoni.

"Nipe globu ya taa ya mbele," Laban alisema. "Yenye nguvu kuliko zote."

"Ya gari gani?"

"Wewe nipe ya nguvu. Mwanga ni mwanga."

Mchuuzi akampa globu nene ya lori la mizigo. Laban hakusoma maandishi yaliyokuwa kwenye kitako chake. Hakuilinganisha na ile ya zamani. Alinunua moja tu, akarudi nayo nyumbani. Huko globu ilikataa kukaa. Laban aliizungusha huku, akaizungusha kule, akaisukuma kwa kidole gumba. Mwisho akaikaza kwa kipande cha bati. Ikakaa. Akawasha, akaona uzi wa ndani umewaka mweupe kweli kweli. Ilikuwa mchana, kwa hiyo hakuona mwanga unakwenda wapi. Taa ya kushoto aliiacha vile vile, kipofu.

Siku ya soko iliyofuata alichelewa kutoka Garsen. Jua lilizama akiwa mbugani, naye alikuwa peke yake. Akawasha taa.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba njia haikuonekana. Mbele ya gari palikuwa giza. Lakini juu, kwenye vichwa vya mikoma, makuti yaling'aa meupe. Popo wakatawanyika. Laban akajiambia kwamba huo ni mwanga wa mwezi, kisha akakumbuka kwamba mwezi ulikuwa bado haujaandama.

Ndipo alipoona moto. Ulikuwa mbele, kando ya njia, mdogo na mwekundu, karibu na mikoma mitatu.

"Sadia!" alisema kwa sauti. Akaongeza mwendo.

Moto ukazimika. Haukufifia kidogo kidogo. Ulizimika mara moja.

Laban akapunguza mwendo. Kadiri gari lilivyokwenda pole pole, ndivyo taa ilivyogeuka, ikawa ya njano, kisha nyekundu. Alifika kwenye mikoma mitatu akasimama. Hapakuwa na moto wala mtu. Palikuwa na harufu ya moshi tu. Akasikia mnong'ono katika nyasi, kama wa sauti nyingi, wa chini chini, ambao hakuelewa hata neno lake moja.

"Abduba!" aliita.

Mnong'ono ukakatika. Hakuna aliyejibu. Lakini Laban alihisi kabisa kwamba anatazamwa.

Kulesa, tangu utotoni, alisikia habari za moto wa mbugani. Walisema huwashwa na kitu ambacho si mtu. Ukiufuata unazimika, na ukizimika, wewe tayari umo matopeni. Laban alikuwa Mkristo, mwimbaji wa kwaya. Basi aliimba. Aliimba wimbo mzima wa kanisani kwa sauti inayotetemeka, huku amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Usimcheke. Ungekuwa wewe, ungeimba hata nyimbo za harusi.

"Mama Kuno, nimeuona moto wa mbugani," alimwambia mkewe alipofika.

Dinah alimtazama. "Na kama ni Abduba aliyeuwasha, Baba Kuno?"

"Abduba auzime moto wake mwenyewe kwa nini?"

Dinah alikesha usiku huo, akimfikiria Sadia.

Siku ya soko nyingine, jioni, mambo yalikuwa yale yale. Moto ulionekana, moto ukazimika. Na safari hii kulikuwa na harufu ndani ya gari, harufu kali ya kuungua, kama nywele zilizotiwa motoni. Laban alikuwa amesikia kwamba majini yana harufu. Hakusimama hata kidogo.

Asubuhi moja alikwenda Garsen kwa Bi Hawa. Huyu alikuwa mwanamke wa Kipini, mjane, mwenye duka la mafuta ya taa na vitu vidogo vidogo. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, na kwa miaka mingi Bi Hawa alisafiri naye akiwa ndiye utingo. Watu walisema hiyo si kazi ya mwanamke. Bi Hawa aliwaambia si kazi ya mvivu.

"Bi Hawa, shikamoo. Nataka unitafutie globu yenye nguvu zaidi," Laban alisema. "Hii niliyonayo haitoshi. Njiani kuna kitu kibaya."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekiona?" Bi Hawa aliacha kupima mafuta. "Wafugaji nao hawana neno lingine. Ati jini mwenye jicho moja anatembea juu ya mikoma."

Kabla Laban hajajibu, Abduba aliingia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hakutoa salamu ya kawaida.

"Laban, siku hizi wewe hupiti njia ile?"

"Napita kila siku ya soko! Moto wako ndio sijauona. Nimeona ule mwingine, ule mbaya. Ukiusogelea unazimika."

"Ule moto ni wangu," Abduba alisema. "Mimi niliuzima."

"Wewe?" Laban aliuliza.

"Sadia alilala kwenye mkeka," Abduba aliendelea. "Uchungu umemshika. Mimi nikawasha moto, nikangoja gari. Gari lina macho mawili, na macho yenyewe huwa chini. Lakini kilichokuja ni jicho moja, liko juu, linatembea kwenye mikoma. Linakuwa jeupe, linakuwa jekundu. Nikasikia kunguruma, lakini viboko nao wananguruma. Nikamwaga mchanga juu ya moto. Tukalala kifudifudi kwenye nyasi, tukasoma dua. Kile kitu kikaja, kikasimama karibu yetu."

Akamgeukia Laban.

"Kikaita jina langu, Laban. Kwetu, ukiitwa gizani na kitu usichokijua, huitikii. Tukanyamaza. Kikaondoka. Kikaondoka kinaimba."

Laban akakaa juu ya debe la mafuta.

"Ni mimi," alisema. "Abduba, niliyekuita ni mimi."

Laban aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa yule mama, naye anateseka. Kisha akamwacha pale gizani, akaenda zake akiimba.

"Na Sadia?" aliuliza kwa shida.

"Uchungu ulirudi nyuma, Mungu alitaka. Juzi tena ukamshika, tena nikawasha, tena nikazima. Ukarudi nyuma tena. Lakini sasa siku zimekwisha."

"Twende tukamchukue sasa hivi, mchana huu!"

Abduba akatikisa kichwa. "Nikimwambia ni gari lako, hatasadiki. Amesema hapandi kitu. Amesikia sauti kwa masikio yake. Labda aone macho mawili, tena chini, ndipo atakubali."

Bi Hawa alifuta mikono kwenye kanga yake. "Haya, maneno basi. Hebu twende nikamwone huyo jini."

Nje, alifungua kioo cha taa ya kulia. Ndani mlikuwa na vumbi, kutu, na wadudu waliokufa siku nyingi.

"Ala! Laban, globu umeifunga kichwa chini miguu juu! Tazama. Ndani mna nyuzi mbili, mmoja wa mwanga wa mbali na mmoja wa mwanga wa chini. Nyuzi zikikaa mahali pake, mwanga unakwenda njiani. Ukiigeuza globu, mwanga wa chini unakwenda juu. Ndiyo maana ukawa unawamulikia popo. Kitako kina pengo lake hapa, na taa ina pengo lake. Ikikataa kukaa, usiilazimishe. Inakuambia kwamba umekosea."

"Niliikaza kwa bati," Laban alikiri.

"Naona. Sasa soma hapa kwenye kitako."

Laban akasoma. "Kumi na mbili. Halafu sitini."

"Ya kwanza ni volti. Betri yako ni ya volti kumi na mbili, kwa hiyo globu nayo lazima iwe ya kumi na mbili. Ungetia ya sita, ingewaka kwa kishindo ikafa papo hapo. Ungetia ya ishirini na nne, ungepata kaa la moto tu. Hapo ulibahatisha. Ya pili ni wati. Hiyo ni kiasi cha umeme ambacho globu inakula. Taa zako zilitengenezewa thelathini na sita. Hii inakula sitini, na waya zako ni nyembamba tena zimechakaa. Gari likienda pole pole, umeme hautoshi, mwanga unakuwa mwekundu. Na waya zinapata moto."

"Ile harufu!"

"Eh, harufu ya jini! Ni mpira wa waya unaungua, bwana. Na fyuzi iko wapi?"

Laban alitazama chini. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Bi Hawa aliitoa, akamwonyesha Abduba, kisha akaitupa.

"Fyuzi ni mlinzi," alisema. "Waya zikizidiwa, inakatika yenyewe ili gari lisiungue. Wewe umemfukuza mlinzi, ukalala mlango wazi. Ungemtia yule mama ndani ya gari hili, pengine mngeungua wote."

Laban alikuwa karibu kulia. "Basi nirudishe zile za zamani, za mwanga hafifu?"

"Sijasema hivyo. Kutaka mwanga zaidi si vibaya. Lakini panda ngazi moja, usiruke tatu. Chukua za volti kumi na mbili, wati arobaini na nane, zenye kitako kama cha ile ya zamani. Chukua mbili za namna moja, uzibadilishe pamoja. Tia waya mpya, nene kidogo. Tia fyuzi ya kweli. Na hili bakuli linalong'aa nyuma ya globu, lisafishe kwa kitambaa laini, pole pole. Kutu na vumbi vimekula nusu ya mwanga wako. Pengine zile globu za zamani hazikuwa na kosa lolote."

Kisha akaikagua taa ya kushoto. Globu yake ilikuwa nzima. Ni waya mmoja tu uliofungwa kwenye bodi uliokuwa umeota kutu hata umeme haupiti.

Bi Hawa alimpa dereva wa lori la Malindi ile globu ya zamani mkononi, ili aende kuilinganisha na mpya dukani. Wakangoja. Zilikuwa siku ngumu. Laban hakuendesha gari baada ya jua kushuka, na kila jioni alisimama nyuma ya nyumba yake akitazama upande wa mbuga. Dinah alimletea chakula, kikapoa. Kule kambini Sadia alikuwa hataki hata kuisikia pikapu ikitajwa.

Lori lilirudi mchana wa siku ya soko. Laban, Abduba na Bi Hawa walifanya kazi bila kupumzika. Walikwangua kutu, wakabadilisha waya, wakafunga globu. Safari hii zilikaa bila kulazimishwa. Abduba akarudi kambini haraka kwa miguu. Jioni, Bi Hawa alimwambia Laban alisimamishe gari mahali tambarare, mbele ya ukuta wa duka.

"Na mzigo wako uache humo humo nyuma ya gari," alisema. "Gari lenye mzigo huinua pua. Ukipima taa gari likiwa tupu, ukipakia utamulikia popo tena."

Alipima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya kila taa, akaweka alama za mkaa ukutani. Akakaza skrubu, akalegeza, mpaka mwanga wa taa zote mbili ukaangukia chini kidogo ya alama, sawasawa.

"Sasa nenda," alisema. "Na usiimbe."

Laban akaondoka. Mbugani palikuwa kimya kama siku zile. Upepo ulitikisa makuti, lakini sasa yalikuwa gizani, na njia ndiyo iliyoonekana. Aliona mashimo yake, kinyesi cha ng'ombe, na sungura akikatiza. Alipopunguza mwendo, mwanga haukugeuka mwekundu. Hakukuwa na harufu yoyote.

Moto ukaonekana kwenye mikoma mitatu.

"Usizime," Laban alisema peke yake. "Abduba, tafadhali, usizime."

Akasogea. Ghafla moto ukapotea. Laban hakukimbia. Alisogea tu, na mara moto ukaonekana tena. Kumbe ni mtu aliyepita mbele ya moto.

Akasimamisha gari, akashuka. Kwenye nyasi akasikia ule ule mnong'ono. Akaita.

"Abduba!"

Mnong'ono ukakatika. Palikuwa kimya kwa muda ambao Laban hakuusahau maisha yake yote.

"Naam!" Abduba aliitika.

Akatokea kwenye mwanga, amemshika mkewe. Sadia alikuwa amejikunja kwa uchungu, jasho linamtiririka. Alisimama mbele ya gari akazitazama zile taa, moja, kisha ya pili. Akatazama juu kwenye mikoma. Huko palikuwa na giza tu.

"Ni gari la mtu," alisema. Akapanda.

Laban alishusha mzigo wote kando ya moto, akageuza gari kuelekea Garsen. Hakwenda mbio. Aliona kila shimo, akalikwepa, na Sadia hakurushwa. Walifika kwa mkunga kukiwa na nafasi ya kutosha. Damu ilitoka nyingi kama mara ya kwanza, lakini sasa kulikuwa na mikono iliyojua la kufanya. Kabla ya alfajiri mtoto wa kike alilia, na sauti yake ikasikika hadi nje. Laban, aliyekuwa amekaa kwenye pikapu, alilia pia, wala hakujificha.

"Mkunga amesema tungechelewa kidogo, wangekufa wote wawili," Abduba alimwambia kulipokucha.

Laban alishika usukani. Alikuwa akiufikiria ule moto uliofunikwa mchanga.

Tangu siku hiyo, Laban hakununua globu bila kusoma kitako chake na kuishika ya zamani mkononi. Na siku za soko, jioni, moto ulikuwa ukiwashwa pale kwenye mikoma mitatu hata kama hakuna mgonjwa. Laban alikuwa akipunguza mwendo, akaita jina la Abduba, halafu la Sadia, halafu la yule mtoto. Mtoto alipojua kusema, wote watatu walikuwa wakiitika.